Dobi Aliyemtungia Mheshimiwa Wimbo

Hospitalini walimwita Dobi, kanisani walimwita Mwalimu, na nyumbani mkewe alimwita kwa jina lolote lililostahili kosa la siku hiyo. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye mikono iliyozeeka kabla ya uso wake. Miaka ishirini na mitatu ya maji, sabuni ya unga na dawa ya madoa ilikuwa imemlainisha vidole hadi alama zake zikafutika. Alipokwenda kujiandikisha kupiga kura, kile kimashine cha karani kilikataa kumtambua mara nne, na karani akamtania kwamba kwa serikali yeye hayupo.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko la hospitali. Kilikuwa na makaro matatu ya saruji, pipa la kulowekea, meza ya kukunjia, na mashine kuukuu iliyokufa mwaka ambao binti yake alianza darasa la kwanza. Tangu hapo shuka zote zilifuliwa kwa mkono. Yeye alisimama karo la kwanza, na mama wawili watu wazima walishika karo la pili na la tatu. Shuka za wodi ya wazazi ndizo zilizowatoa jasho. Damu haitaki maji ya moto. Inataka maji baridi, chumvi na subira, na ukikosea ukaitia maji ya moto, doa linaganda na kukaa hapo hadi kiama. Siku za mvua shuka hazikukauka, wagonjwa wakalala juu ya mpira wa godoro, na manesi wakaja kugomba mlangoni kana kwamba Dobi ndiye aliyeleta mawingu.

Hapo hapo kwenye karo ndipo alipotungia nyimbo. Alisugua, akavuma, akasugua, mpaka ubeti ukakaa sawa. Ijumaa jioni akaupeleka kwa kwaya yake ya watu thelathini, na Jumapili kanisa zima likasimama kuuimba. Hakujua kusoma nota. Alijua tu wimbo unapokuwa mzito na unapokuwa mwepesi, kama anavyojua shuka iliyoloa na iliyokauka.

Mwaka wa uchaguzi akatokea mgombea mpya wa ubunge. Yule wa zamani alikuwa amekalia kiti miaka kumi na mitano, na jimboni alionekana kwa nadra kuliko kupatwa kwa jua. Huyu mpya alikuwa kijana wa miaka arobaini, mwana wa kanisa, mwenye sauti ya kuhubiri. Mkutano wa kwanza alisema, "Nimekuja kuwatoa Misri," na tangu siku hiyo watu wakamwita Musa. Mchungaji mwenyewe alisimama madhabahuni akasema Mungu amesikia kilio cha watu wake, asiyeelewa na aombe kufunuliwa. Watu wakaitikia amina, na sauti ya Dobi ilikuwa miongoni mwa zile za juu.

Asubuhi moja Musa akaja hospitalini na msafara wake. Alipita wodini, akapita jikoni, kisha akainama kuingia chumba cha kufulia, wapiga picha nyuma yake. Dobi alikuwa ameinamia shuka ya mzazi, maji mekundu hadi viwiko. Alitaka kusimama, mgombea akamzuia kwa mkono.

"Baba, endelea. Kwa siku unafua ngapi?"

"Zikiwa chache, mia na ishirini."

Mgombea akavua saa, akampa msaidizi wake, akakunja mikono ya shati jeupe, akaichukua ile shuka kutoka mikononi mwa Dobi na kuanza kuisugua. Hakuomba glovu. Ikasikika milio ya kamera tu. Baada ya muda akainua uso, akamwambia Dobi macho kwa macho, "Nikichaguliwa, hutainama tena hapa. Nakupa neno langu."

Dobi alilia. Tangu utotoni alikuwa amesimuliwa habari za Bwana aliyejifunga kitambaa, akatia maji katika beseni, akawaosha wanafunzi wake miguu. Sasa beseni lilikuwa mbele yake, na kwa macho ya mtu aliyechoka miaka mingi aliona alichotaka kukiona.

Jioni alimsimulia mkewe, machozi yakimrudia. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Aliisuuza?"

"Nini?"

"Hiyo shuka. Aliisuuza, akaikamua, akaianika?"

Dobi akafikiri. "Nilimalizia mimi."

"Basi. Aliyefua nusu shuka si dobi, ni mgeni."

Dobi akakasirika, akamwambia moyo wake umekuwa jiwe. Wiki ile ile akatunga wimbo, na ulimjia kwa wepesi kuliko wimbo wowote aliowahi kuutunga.

*Aliinama, akafua,*
*mikono yake majini;*
*Bwana katuma mtumishi,*
*Misri hatubaki tena.*

Binti yake, aliyekuwa na sauti ya kwanza katika kwaya, ndiye aliyeuongoza. Jumapili ile watu walicheza hadi vumbi likapanda. Baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa, fundi seremala asiye na maneno mengi, alimshika Dobi mkono pale mlangoni.

"Mwalimu, huyu anayeinama katika ubeti wa kwanza ni nani?"

Dobi akacheka. "Ni wote wawili, mzee, Bwana na mtumishi wake."

Seremala hakucheka. Alimwachia mkono, akaenda zake.

Wimbo ukatoka kanisani ukaingia mitaani. Magari yenye vipaza sauti yakaupiga kutwa, watoto wakaurukia kamba, hata wauza nyanya wakautia maneno yao. Musa akashinda kwa kura nyingi mno, akawa Mheshimiwa. Dobi naye akawa mtu wa kuonyeshwa kidole: ndiye yule, ndiye aliyetunga.

Mwaka wa pili mashine ikaja kweli. Ililetwa na lori, ndani ya kasha la mbao refu kuliko mtu. Kwaya ikaitwa, utepe mwekundu ukafungwa, Mheshimiwa akaukata, watu wakapiga vigelegele. Alimkumbatia Dobi mbele ya kamera, akapanda gari, akaondoka kwenda mkutano mwingine. Vumbi lilipotulia, Dobi akamgeukia fundi umeme wa hospitali.

"Sasa ifungue tuiwashe."

Fundi umeme alikuwa ameegemea ukuta, mikono mfukoni. "Iwashwe kwa umeme upi? Hii inataka umeme wa njia tatu. Hospitali nzima ina njia moja. Ukiichomeka hii, taa za chumba cha upasuaji zinakufa papo hapo."

"Mheshimiwa anajua?"

Fundi akainua mabega. Ukimya wake Dobi akautafsiri kwa jinsi alivyopenda. Akasema, "Hajui. Hawa wasaidizi ndio wabaya. Akijua tu, hata wiki haiishi."

Maneno hayo aliyasema mwaka wa pili, akayasema mwaka wa tatu, akayasema hadi mwanzoni mwa mwaka wa tano. Aliandika barua tatu kwa mwandiko wa kupamba. Alipiga simu, akajibiwa ujumbe umefika. Kila mtu aliyemlaumu Mheshimiwa, Dobi alimkalia kooni: mtu mmoja atafanya mangapi, Kanaani haifikiwi kwa siku moja, hata wana wa Israeli walinung'unika. Mama wa karo la pili akazoea kukunjia shuka juu ya lile kasha. Alikuwa mcheshi. Alisema, "Angalau Mheshimiwa katuletea meza."

Huyo ndiye aliyeumwa. Sabuni ilimchoma vidole, vikapasuka, vikaingia usaha, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumpokea kazi, aliendelea kufua mikono ikiwa imefungwa mifuko ya plastiki. Siku aliyoshindwa kufunga kitufe cha gauni lake mwenyewe, daktari alimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Alilazwa wodini, juu ya shuka alizozifua. Dobi alipokwenda kumwona, alimkuta akiutazama mkono uliofungwa bandeji, na safari hii hakuwa na utani.

"Mwalimu, wewe si unafahamiana naye? Nenda umwambie, basi. Mdomo kwa mdomo."

Dobi akaenda. Alivaa koti la Jumapili, akaketi kwenye benchi la ofisi ya Mheshimiwa siku ya kwanza, akaambiwa yuko safarini. Siku ya pili, akaambiwa yuko kikaoni. Siku ya tatu aligoma kuondoka, na saa tisa mlango ukafunguliwa. Mheshimiwa alikuwa amenenepa kidogo, na macho yalionyesha mtu asiyelala vya kutosha. Alimtambua mara moja.

"Mwalimu wa wimbo! Karibu, baba, kaa. Mleteeni chai."

Dobi hakugusa chai. Alieleza yote: kasha, umeme wa njia tatu, barua, vidole vya mama wa karo la pili. Alieleza taratibu, kama mtu anayeleta habari kwa asiye nazo. Alipomaliza, Mheshimiwa akapangusa uso kwa kiganja.

"Najua, baba."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Fundi wenu alimwambia msaidizi wangu kabla sijakata utepe."

Dobi alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Sasa mbona uliukata?"

"Watu walikuwa wamejaa uwanjani. Kwaya yako ilikuwa imeshaanza kuimba. Ungekuwa wewe, ungesimama uwaambie nini?"

"Ningewaambia haiwaki."

Mheshimiwa akacheka kidogo, bila ubaya. "Nimeomba hiyo laini ya umeme mara mbili, nikanyimwa. Nikaacha, kuna mambo mengine. Mimi ni mbunge mmoja kati ya mamia, baba. Ninyi ndio mlioniita Musa."

"Wewe ndiye uliyesema umekuja kututoa Misri."

"Nilisema. Ni maneno ya jukwaani, kila mgombea ana yake. Lakini kuinuka na kuniweka pale na Bwana Yesu, katika ubeti mmoja, hilo sikulifanya mimi. Ule wimbo niliutunga mimi?"

Dobi alikuwa amekuja na maneno ya kutosha kwa kila jibu ila hilo.

Mheshimiwa akasimama kumsindikiza, akamwekea mkono begani. "Tena tutauhitaji. Kampeni zinaanza mwezi ujao, na Jumapili ya kwanza nitakuja kusali kwenu. Watu wanaupenda sana."

Alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa nzima, na njia nzima alikuwa akigombana. Aligombana na Mheshimiwa, akagombana na fundi umeme aliyeinua mabega badala ya kusema, na alipofika karibu na nyumbani alikuwa anagombana na Mungu. Kwa nini ulimwacha aingie pale na beseni? Uliniona nikilia, ukanyamaza. Mezani akayasema yote. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, na Dobi alipofika kwenye lawama za mbinguni, akamkata kauli.

"Mungu kakukosea nini? Yeye hakugombea."

"Nilimwomba atutumie mtu."

"Akakutumia mtu. Mtu ndiyo huyo. Wewe ulitaka nini?"

Usiku Dobi alijaribu kusali, na kila alipofumba macho na kusema "Bwana", uso uliomjia ulikuwa ule wa Mheshimiwa kwenye bango la kampeni. Hilo lilimtisha kuliko vidole vya mama wa karo la pili. Hakujua tena, katika miaka ile mitano, ni sala zake ngapi zilizokwenda juu na ngapi zilizoishia ofisini kwa mtu.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Mchungaji, akamwambia wimbo ule usiimbwe. Mchungaji alikuwa mtu mwema, mwenye kanisa lenye bati jipya, na bati lilikuwa limetoka kwa Mheshimiwa. Alisikiliza akitikisa kichwa.

"Mwalimu, Maandiko yanatuagiza tuwaombee wenye mamlaka."

"Tuwaombee, sawa. Hatukuagizwa tuwaimbie."

"Ni heshima tu. Mgeni akija unampokea."

"Mchungaji, wewe ulisema madhabahuni kwamba katumwa na Mungu. Uliambiwa na nani?"

Mchungaji akachezea kalamu. "Watu walikuwa wamekata tamaa," akasema hatimaye. "Nilitaka wawe na tumaini."

"Hata mimi."

Walitazamana wazee wale wawili, na kwa dakika ile Dobi alidhani wameelewana. Kisha Mchungaji akasema, "Lakini Jumapili tutaimba. Tukiacha sasa, itaonekana tumehamia upande wa pili. Nikuombe, usilitie kanisa katika siasa." Dobi akatoka bila kuaga, akiogopa atakachokisema.

Jumapili ikafika. Kanisa lilifurika hadi nje. Mheshimiwa aliketi kiti cha mbele, suti nyeusi, Biblia mapajani. Dobi alikuwa amewaambia wanakwaya Ijumaa kwamba wataimba wimbo wa zamani wa toba, nao walikubali kwa midomo. Mwenye kinanda, hata hivyo, alikuwa ameshapewa maagizo yake. Mchungaji alipotangaza kwaya, kinanda kikaanza mlio ule ambao kila mtoto mtaani aliujua.

Dobi alisimama mbele ya kwaya, mgongo kwa Mheshimiwa, na hakuinua mikono. Macho ya watu thelathini yalimtazama. Kinanda kikazunguka mara ya pili, mara ya tatu. Nyuma yake watu walianza kupiga makofi. Akamtazama binti yake, akatikisa kichwa: usianze. Binti alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alikuwa amepata kazi ya karani katika ofisi ya Mheshimiwa jimboni mwaka uliopita, na meneja wake alikuwa ameketi safu ya tatu. Alifumba macho, akaanza.

"Aliinama, akafua..."

Na kwaya ikamfuata. Hawakuhitaji mikono yake. Alikuwa amewafundisha vizuri mno.

Dobi alibaki pale katikati, mikono imening'inia, wimbo wake ukimpita masikioni kama maji ya mfereji. Angeweza kupiga kelele, hakupiga. Alivua joho la kwaya, akalikunja kama anavyokunja shuka, pembe kwa pembe, akaliweka juu ya kiti, akatembea katikati ya safu hadi mlangoni. Wengi walidhani amezidiwa na furaha. Mwanamke mmoja alimpungia leso.

Wiki hiyo hiyo wazee wa kanisa walikaa, wakamwachisha ualimu wa kwaya kwa kuvunja utaratibu wa ibada. Seremala peke yake ndiye aliyepinga, na kura yake ilikuwa moja. Uchaguzi ukaja, Mheshimiwa akashinda tena, kwa kura chache kuliko mwanzo. Dobi hakumpigia yeye wala mpinzani wake, ambaye siku hizo naye alikuwa ameanza kuitwa Daudi.

Hakuliacha kanisa, ingawa watu walidhani ataliacha. Alihamia benchi la mwisho, karibu na mlango. Wimbo ule ulipoimbwa alitoka nje akasimama uani, ukiisha akarudi. Kazini, yeye na manesi waliandika barua yenye sahihi arobaini na saba, hawakumpelekea Mheshimiwa, waliipeleka kwenye shirika la umeme, na walipojibiwa wangoje walikwenda kungoja huko huko, kwa zamu, wiki baada ya wiki. Mama wa karo la pili alikwenda mara nyingi kuliko wote, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Aliweka ule mkono wa vidole vitatu juu ya kaunta na kuuacha hapo wakati anaongea. Mwaka mzima ulipita. Nguzo za njia tatu zililetwa miezi miwili baada ya hapo, na fundi alipolifungua kasha, panya walikuwa wametafuna mipira yote ya kupitishia maji na kuzalia ndani ya pipa la mashine. Sasa wanangoja mipira.

Binti yake hakuzungumza naye kwa miezi mitatu, au yeye ndiye hakuzungumza na binti. Mkewe alisema wote wawili ni vichwa vigumu na hatapoteza pumzi kuamua. Jumapili moja alasiri binti alikuja, akaketi jikoni, akasema bila kuanza mbali:

"Baba, ulitaka nifanye nini siku ile?"

Dobi alikuwa akipaka mafuta mikononi. Alifikiri sana kabla ya kujibu, maana kwa miezi mitatu alikuwa ameandaa jibu, na sasa alipoliangalia halikufaa.

"Sijui," akasema. "Niliufundisha mwenyewe. Nilikufundisha pale pa kuvuta pumzi."

"Watu wanasema unamchukia Mheshimiwa."

"Simchukii. Namkasirikia, nakasirikia Mchungaji, najikasirikia mimi zaidi. Imekuwa kazi ya pili."

Binti alicheka kidogo, akajipangusa pua. Aliuliza kama atatunga tena. Dobi akasema hapana, labda, hajui. Siku hizi akisugua anasikia kusugua tu. Mama mtu akawaambia wasogee, anataka kufagia.

Jumapili iliyofuata Mchungaji aliwaita watu wasimame kuwaombea viongozi. Dobi alisimama na wengine. Kwa muda mrefu, sala hiyo ilipofika, alikuwa akifunga mdomo. Safari hii akafumba macho, akasema kwa sauti ndogo yenye hasira, "Bwana, yule ni mtu kama mimi. Ametudanganya, nami nimemsaidia. Mwonyeshe." Akasubiri kama kuna la kuongeza. Uso wa kwenye bango haukuja. Wala uso mwingine haukuja. Akasema amina, akaketi, akaanza kusubiri mahubiri.